Sahani Isiyo na Seli

Vijana, ninyi mnaoingia maabara siku hizi simu ikiwa mkono mmoja na chai mkono wa pili, nipeni masikio yenu kidogo. Sitawachosha na tarehe. Nimestaafu, meno yamepungua, na mambo yananijia kwa mpangilio wake yenyewe. Ninataka kuwaambia habari za sindano ya kioo niliyokuwa natengeneza, sindano iliyoweza kusikia chumvi ikitoka ndani ya seli hai, na jinsi sindano hiyo hiyo ilivyokaribia kumpotezea kazi mwanamke ambaye mikono yake ilikuwa bora kuliko yangu.

Jina langu ni Wandera, lakini pale Nalufenya, Jinja, hakuna aliyelitumia. Waliniita Afande. Nilikuwa fundi wa redio jeshini, na jeshi lilipopunguza watu miaka ya tisini ikianza, nikarudi uraiani na vitu viwili tu: ujuzi wa kuunga nyaya na Kiswahili cha kambini. Mnajua watu wetu. Ukisalimia kwa Kiswahili sokoni, mama wa watu anaanza kuficha kuku wake, akidhani askari amekuja kunyang'anya. Basi nikasikia kuna maabara ndogo ya magonjwa ya mifugo inatafuta mtu wa kufufua mashine zilizokufa, nikaenda na bisibisi yangu mfukoni.

Mkuu wa maabara aliitwa Daktari Mugoya, Msoga mwenye sauti ya upole na kalamu kali. Hakuniuliza vyeti.

"Afande, wewe iko na masikio ya redio," aliniambia. "Unaweza sikia kitu kidogo sana?"

"Kidogo namna gani, Daktari?"

"Kama seli natema chumvi."

Nilicheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa tunaotesha seli za figo za ndama kwenye chupa, ili virusi vya chanjo ya ng'ombe vikue ndani yake. Seli zikiwa dhaifu, chanjo inakuwa dhaifu, na ng'ombe wa mtu anakufa wakati mwenyewe anaamini amekingwa. Sasa seli yenye afya ina tabia moja: inajaza potasiamu ndani yake, na nje inaacha kidogo sana. Ikianza kuumwa, potasiamu inavuja. Kwa hiyo ukiweza kupima potasiamu iliyo nje, karibu kabisa na ngozi ya seli, utajua hali yake kabla hata hadubini haijakuonyesha kasoro yoyote. Ioni za potasiamu zina chaji ya umeme, na umeme ndio ulikuwa uwanja wangu. Ila ilibidi sikio la kusikilizia liwe jembamba kuliko unywele, mara nyingi sana.

Aliyenifundisha kutengeneza sikio hilo ni Mzee Okumu, fundi wa vioo wa maabara. Alikuwa mfupi, hana haraka, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya moto hadi kwenye viganja. Unachukua mrija wa kioo, unaupasha katikati, kioo kinalegea, unavuta, unapata ncha mbili. Maneno mepesi hayo. Mimi nilivuta kama mtu anayeng'oa muhogo, na kioo kikakatika pwaa. Nilivunja mirija mingi hadi Mzee akaniuliza kama kuna kioo kilichowahi kuniudhi jeshini.

"Usivute wewe," aliniambia. "Ngoja kioo ilegee mwenyewe. Wewe nashika tu."

Kupima tundu la ncha nako kuna ufundi wake. Unaitumbukiza kwenye spiriti na kupuliza hewa kwa bomba la sindano. Vikitoka vipovu vidogo kwa shida sana, ncha ni nzuri. Povu likija kwa fujo kama soda iliyotikiswa, tundu ni kubwa, tupa. Baada ya hapo unafyonzesha kwenye ncha tone la mafuta maalumu yanayoruhusu potasiamu ipite na kuzuia ioni nyingine. Nyuma yake unajaza maji ya chumvi, kisha unaingiza waya wa fedha uliolowekwa kwenye dawa ya kufulia yenye klorini hadi ukawa mweusi wa zambarau iliyoiva. Hiyo ndiyo sindano ya kusikiliza. Lakini umeme unataka njia ya kwenda na njia ya kurudi, kwa hiyo kila sindano ina mwenzake, sindano ya pili, iliyojaa chumvi kali ya potasiamu na kuzibwa jeli kwenye ncha. Muikumbuke hiyo ya pili, maana ndiyo itakayonifedhehesha mbele.

Mzee alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi, kabla ya kugusa seli yoyote, alichukua kisahani chenye maji ya lishe matupu, bila seli hata moja, akatumbukiza sindano zote mbili na kuketi kuitazama kalamu ya mashine ikichora kwenye karatasi. Robo saa nzima. Mstari ukilala sawa, ndipo tulianza kazi. Kwangu mimi ilikuwa sawa na mtu anayepiga simu nyumba isiyo na watu ili ahakikishe hawapo. Nilimheshimu, nikaketi kando yake nikingoja.

Sasa niwaambie siku nilipovua kofia.

Mzee aliweka seli chini ya hadubini, zimetandazana kwenye kioo, zimeshikana kila moja na jirani yake. Akaishusha sindano polepole kwa skrubu hadi ikabaki nafasi ndogo mno juu yake. Kalamu ikatulia chini, maana yake nje kuna potasiamu kidogo, seli ni nzima. Akanituma Wanyange, kwa wauza samaki, nilete barafu. Nikarudi na ndoo inayonuka sangara. Tukaizungushia sahani barafu hiyo, na kalamu ikaanza kupanda. Seli zilikuwa zimeshikwa na baridi, zimekosa nguvu, na potasiamu ilikuwa inazitoka. Nikadhani tumeziua. Mzee akaondoa barafu, akaweka maji ya uvuguvugu, akakunja mikono.

Kalamu ikasimama kidogo. Kisha ikaanza kushuka.

"Inafanya nini, Mzee?"

"Narudisha. Kile imepoteza, narudisha ndani. Moja moja."

Jamani, nilikuwa nimeona mengi. Nilikuwa nimeketi porini na redio masikioni nikitafuta sauti ya mwenzangu aliye hai ng'ambo ya mto. Lakini hapa vilikuwa vitu visivyoonekana kwa macho, havina kichwa, havina jina, vimetolewa kwa ndama aliyekwisha kuliwa nyama, na bado vilikuwa vinapigania chumvi yao na kuirudisha nyumbani. Hakuna aliyeviamuru. Machozi yalinitoka, na siyaonei aibu. Nilivua kofia bila kufikiri, jinsi mtu anavyoivua akiingia kanisani, na Mzee akajifanya hajaona.

Tangu siku hiyo nikawa mtumwa wa ile kalamu. Nilijenga kizimba cha seng'enge ya kuku kuzunguka mashine ili mawimbi ya nje yasiingie. Nilijua kila kinachoitikisa: lori likipita, pasi ya jirani, mtu akikohoa. Nikawa mkali, nakiri. Ukiingia chumba changu ukiburuta viatu, utasikia Kiswahili cha kambini bila kificho.

Hapo ndipo anapoingia Nambozo.

Seli zetu nyingine zilioteshwa Mbale, katika chumba kilicho jirani na machinjio, kwa sababu figo mbichi zilipatikana hapo asubuhi zikiwa bado na joto. Aliyezitunza ni Nambozo, Mmasaba wa Namatala. Alianza pale kama mwosha chupa. Akatazama, akajifundisha, na wasomi wawili walipokata tamaa ya kuotesha seli zisizoingiwa na ukungu, za Nambozo zikaota. Daktari akampa meza yake mwenyewe. Kila Alhamisi alikuja Jinja na pikapu ya kazi, seli zikiwa zimeshikamana na vipande vidogo vya kioo ndani ya themosi aliyoipakata kifuani njia nzima. Siku ya kwanza alivaa gomesi ya naironi, kitambaa kinachozaa umeme kikisuguana, na kila aliposogea kalamu yangu iliruka kama panzi. Nikamfokea.

"Mulembe kwanza, Afande," alisema. "Salamu halafu kelele."

Alhamisi iliyofuata alikuja amevaa pamba. Hakunikumbusha, nami sikumshukuru.

Mzee Okumu alipostaafu na kwenda kukaa Wanyange, chumba kikawa changu peke yangu. Na ile desturi yake ya sahani tupu? Niliiacha ndani ya mwezi mmoja. Niliona robo saa ni nyingi. Halafu tukaambiwa wageni wakubwa kutoka makao makuu wanakuja kuona sindano za Jinja zinazosikia seli. Kichwa kikanivimba. Tatizo moja tu: mstari wangu ulikuwa unatetemeka. Ulikuwa sahihi, ila unatetemeka kama mwandiko wa mzee. Nikajua dawa. Ukipanua tundu la ile sindano ya pili, umeme unapita kwa urahisi na mstari unatulia. Nikaipanua. Nikaweka jeli nyingi kuziba. Mstari ukalala safi, umenyooka, hata Daktari akanipiga bega.

Niliijaribu kwenye bika, gilasi kubwa za maabara, zenye maji ya kupimia, ikasema kweli. Nikaijaribu kwenye seli zetu za Jinja, ambazo tuliziweka mahali maji ya lishe yanapita polepole muda wote, ikasema ni nzima. Kisha nikaiweka kwenye seli za Mbale. Vipande vyake havikuingia kwenye kifaa cha maji yanayopita, kwa hiyo nilivipima katika visahani vidogo vyenye matone machache yaliyotulia. Kalamu ikapanda. Potasiamu inavuja. Seli za Nambozo zinakufa.

Alhamisi ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Aliwaza ng'ombe wa watu. Baada ya Alhamisi ya pili aliandika barua: chumba cha Mbale kifungwe, seli zote zioteshwe Jinja, na Nambozo arudi kuosha chupa. Akaniambia kwamba atampa mwenyewe Alhamisi ile ile ya tatu mchana, akimaliza kikao. Mimi nilijua yaliyoandikwa. Nambozo alikuwa hajui barua, lakini matokeo alikuwa ameyasikia, na siku hiyo alisimama nyuma yangu nikipima.

"Afande, hii seli mi naamka nayo, nalala nayo. Leo asubuhi imeshikana vizuri, nang'aa. Nafika hapa, nakufa? Nakufa kwa njia gani?"

"Mashine haina chuki na mtu, nyabo," nilimjibu kwa heshima ya mdomoni tu, bila kugeuka.

"Mashine hapana. Na wewe?"

Nilirudisha macho kwenye karatasi. Kalamu ilikuwa inapanda, nzuri, imenyooka. Nambozo akanyoosha mkono, akachukua kibano changu bila ruhusa, akakitoa kipande chake cha kioo kutoka kwenye sahani na kukirudisha ndani ya themosi.

"Seli yangu narudi nayo nyumbani," alisema. Akatoka kwenda kuketi kwenye benchi la ukumbini.

Nilikaa pale nimefura hasira. Mtu anashika vyombo vyangu! Nilisubiri moyo utulie ndipo nizime mashine. Na nikiwa nasubiri, jicho likaenda kwenye karatasi.

Kalamu ilikuwa bado inapanda.

Vijana, nataka muione sahani ile kama nilivyoiona. Maji ya lishe tu. Seli zilikuwa kwenye themosi, kwenye mapaja ya mwenyewe, nje ya mlango. Na kalamu ikipanda kwa mwendo ule ule, na uzuri ule ule, ikiniambia kuna kitu kinakufa mle ndani.

Nikamwaga, nikaweka kisahani kipya cha maji matupu. Ikapanda. Nikaichomoa ile sindano ya pili, nikaiosha, nikaitumbukiza kwenye spiriti na kupuliza. Ilichemka povu kama soda. Jeli yangu ilikuwa haizuii chochote. Chumvi ya potasiamu ilikuwa inamiminika kutoka kwenye sindano yangu mwenyewe, na ile nyingine, jirani yake, ilikuwa inaisikia na kuripoti kwa uaminifu. Ndani ya bika kubwa uvujaji ulipotea. Kwa seli za Jinja maji yanayopita yaliuzoa. Ila kwenye matone machache ya Nambozo haukuwa na pa kwenda. Kwa wiki tatu nilikuwa nazimwagia chumvi seli za mama wa watu, kisha nasema zinavuja.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikunyanyuka mara moja. Nilifikiria kuibadilisha ile sindano kimyakimya. Alhamisi ijayo seli zake zingetokea nzima, kila mtu angesema Nambozo ameonywa na amejirekebisha, nami ningebaki Afande wa sindano. Hakuna ambaye angejua. Lakini barua ilikuwa inatolewa mchana huo. Na hata kama isingetolewa, daftari lingesema milele kwamba mwanamke yule alizembea mara tatu. Nilitazama kioo kwenye vidole vyangu, na nilijichukia. Nilikuwa nimevua kofia mbele ya seli zinazopigania chumvi yao, halafu nikawa mimi ninayezisingizia.

Nikairudisha sindano mbovu mahali pake, nikaweka maji mapya, nikatoka ukumbini. Daktari alikuwa ameshafika, bahasha mkononi. Nambozo amesimama, themosi kifuani.

"Daktari, kuja uone kwanza," nilisema. "Nyabo, na wewe kuja."

Waliingia. Kalamu ilikuwa inapanda. Daktari akainama, akatikisa kichwa.

"Banange. Hizi zimeharibika kabisa. Ni za Mbale?"

"Daktari, hapo hakuna seli."

"Hakuna namna gani?"

"Sahani ni tupu. Ni maji tu. Seli ya huyu mama iko ndani ya themosi yake."

Akanitazama. "Sasa nini navuja?"

"Ni mimi, Daktari. Nilipanua tundu la sindano. Mstari ulikuwa natetemeka, mi nataka wageni waone mzuri. Wiki tatu yote ni mimi naharibu. Huyu mama hana kosa hata moja."

Kalamu iliendelea kukwaruza karatasi. Daktari hakupaza sauti. Aliitia bahasha mfukoni, akasema, "Tengeneza mpya. Tunangoja."

Nilivuta kioo huku wawili hao wamesimama nyuma yangu. Haraka ikanishika, nikavunja mrija mmoja, nikavunja wa pili. Nikakumbuka kungoja. Kioo kikalegea chenyewe. Kwenye spiriti vipovu vikatoka kwa shida, vidogo mno. Nikapima sahani tupu robo saa nzima, na hakuna aliyeketi. Mstari ulitetemeka, mbaya kutazama, lakini ulilala chini na kubaki chini. Ndipo nikamwomba Nambozo seli zake.

Alizishusha mwenyewe kwa kibano. Kalamu haikupanda. Siku hizo tulikuwa tumeshapata friji yenye barafu, nikaizungushia sahani barafu hiyo, potasiamu ikapanda. Nambozo akashika ukingo wa meza. Hakuwahi kuona jambo hili. Miaka yote amezilisha seli, amezihesabu, amezibeba kifuani, lakini hakuwahi kuzisikia. Nikaondoa barafu, nikaleta uvuguvugu. Kalamu ikasimama. Ikashuka, ikitetemeka, hadi pale ilipoanzia.

"Nafanya nini?" aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Narudisha," nilimwambia. "Kile imepoteza, narudisha ndani."

Alitazama muda mrefu, midomo ikisogea bila sauti. Nami nilitazama pamoja naye, na ule mshangao wa siku ya kwanza ukanirudia wote, mzito zaidi, kwa sababu safari hii ulinikuta na hatia.

Daktari aliniamuru niandike kwenye daftari kwa mkono wangu kwamba matokeo ya wiki tatu ni batili, sababu ni nini, na aliyesababisha ni nani. Niliandika. Wageni walipokuja waliona mstari unaotetemeka, na mmoja wao akauliza kama mashine ina homa. Chumba cha Mbale hakikufungwa. Lakini Nambozo alipanda pikapu siku ile bila kuniaga, na nilipomwomba radhi dirishani alitazama mbele. Sikumlaumu. Wiki nzima niliishi na uso ule.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Alikuja dereva peke yake na themosi. Nikajiambia, basi, mama huyu hataki hata kutia mguu kwenye chumba changu. Nikafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na vichupa vyake kama kawaida, kila kimoja na kipande cha kioo chenye seli. Juu kabisa, mahali mkono unapofika kwanza, palikuwa na kichupa cha ziada chenye maji ya lishe peke yake. Amekifunga plasta, na juu ya plasta ameandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifundisha mwenyewe: AFANDE, HII HAKUNA KITU. ANZA NA HII.

Kila Alhamisi, hadi mwaka niliostaafu, kichupa kile kilikuwa juu. Na kila Alhamisi nilianza nacho.